Vipanga wa Ufipa

Kila mwisho wa mwaka, orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza inapotoka, yapo majina machache yasiyoangukia shule ya kata ya jirani. Ni ya wale waliopata alama za juu kupita wenzao, ambao darasani huitwa vipanga. Hao hupangiwa shule za vipaji maalumu: Ilboru kule Arusha, Kibaha mkoani Pwani, Mzumbe na Kilakala za Morogoro, Msalato ya Dodoma, na zile mbili za Tabora, moja ya wavulana na nyingine ya wasichana. Zipo saba, na hakuna hata moja iliyo Rukwa. Mtoto wa Laela au Namanyere akipangiwa Mzumbe, ukoo mzima unashangilia, halafu baba yake anakaa chini kupiga hesabu ya godoro, tranka, sare na nauli ya safari ya mamia ya kilometa.

Tangu shule ya kwanza ilipofunguliwa Ufipa, nchi ya Wafipa katika uwanda wa juu wa Rukwa, mtoto mwenye akili wa huko amekuwa mtoto wa kuondoka. Anayemchukua ndiye aliyebadilika: kwanza padri, kisha serikali ya mkoloni, kisha wizara. Wazazi walikuwapo muda wote. Walijitolea sana, ila kujitolea kwao kulihesabiwa kwa matofali, mchanga na debe la mahindi. Juu ya nini kifanyike kwa mtoto aliyewaacha wenzake darasani, ni mara chache sana waliulizwa.

Habari inaanzia ziwani. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na jumuiya ya mfalme Leopold walijenga ngome Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 waliiacha mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Kutoka Karema misheni zilipanda polepole hadi uwanda wa juu. Wanafunzi wengi wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wasio na mzazi wa kuwasemea hata kidogo. Mtu aliyewaonyesha wenyeji elimu ya misheni ingeweza kumfikisha mtoto wapi naye alikuwa wa asili hiyo. Adrian Atiman alitekwa akiwa mdogo huko Sudani ya Magharibi, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Vizazi vitatu vya watu wa ziwani vilimjua daktari mweusi kabla ya Watanganyika wengi kusikia kwamba jambo hilo linawezekana.

Juu ya uwanda mapadri waliwakuta watu wa vijiji vikubwa vilivyobanana, wakulima wa ulezi waliojua kufukia majani ndani ya matuta yakawa mbolea, na wafua chuma ambao tanuri zao ndefu za udongo, malungu, nyingine zimesimama mpaka leo. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi nao miaka ya 1960, alivutiwa na jinsi Wafipa walivyothamini mazungumzo na ushawishi kuliko ubabe. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu familia za Nkansi, sehemu ya Ufipa, anaongeza jambo ambalo kwa habari yetu ni kubwa. Mtoto wa Kifipa akishavuka utoto wa kwanza hakulala tena nyumbani kwa wazazi wake. Alilala kwa bibi au pamoja na wa rika lake, na huko ndiko alikofundwa. Kwa hiyo bweni la misheni halikuwa jambo geni kama tunavyodhani. Mzazi alikwisha kuzoea kwamba malezi ya mtoto yana nyumba zaidi ya moja.

Alichokitetea mzazi ni mikono. Mtoto alichunga mbuzi, alifukuza ndege na nyani shambani, alimbeba mdogo wake mama anapolima. Padri akiwataka watoto asubuhi zote za wiki, alikuwa anadai kodi, na wazazi waliijadili kama kodi: siku ngapi, msimu gani, watoto wangapi wa nyumba moja. Ukitafuta mwanzo wa wazazi kuwa na neno juu ya shule Ufipa, uko hapo, katika ubishi wa nani achunge mbuzi. Ni mwanzo usio na fahari, lakini ni wa kweli, na mapadri walilazimika kuusikiliza.

Aliyemtambua mtoto mwepesi hakuwa padri mwenyewe. Alikuwa katekista wa kijiji, mtu wa huko huko, aliyefundisha sala na herufi chini ya paa la nyasi. Yeye ndiye aliyejua ni nani anashika somo akisikia mara moja. Jina lilitoka kwake likafika kwa padri mkuu wa misheni, na kama ni mvulana, njia iliyofunguka ilikuwa seminari. Msichana mwepesi njia yake ilikwenda kwa masista, na kwa wazazi wengi njia hiyo ilikuwa na uchungu wa pekee, kwa sababu sista haolewi, na nyumba inakosa mahari na wajukuu. Wapo waliokataa. Wapo pia waliokubali na wakaona binti yao akisoma kuliko kaka zake wote.

Waingereza waliporithi nchi kutoka kwa Wajerumani waliiacha Ufipa kwa misheni. Boma la Kijerumani lilikuwa Kasanga, ambako walikuita Bismarckburg; shule ya maana ya serikali haikuwapo. Baada ya mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na sheria ya mwaka 1927, serikali ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti yake, na shule nyingi za vijijini, za sala na herufi, hazikuyatimiza. Wakati huo huo Tabora ilikuwa imepata shule ya serikali iliyokusudiwa kwanza kwa watoto wa machifu. Ndiyo iliyokuja kuwa kilele cha ngazi yote. Julius Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, alianza shule Mwisenge mwaka 1934 akiwa na miaka kama 12, na mwaka 1937 alikuwa ameshafika Tabora. Hakuna mzazi aliyeandika barua kumwombea. Mtihani ulimwombea, na walimu, na cheo cha baba yake.

Kwa Ufipa, Tabora ilikuwa mbali kwa namna ambayo ramani haionyeshi. Njia ilishuka kutoka uwandani hadi Kirando au Kipili, ikangoja meli. Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyozamishwa wakati wa vita na kuibuliwa tena, ilirudi kazini mwaka 1927, ikawa daraja la kwenda Kigoma. Kutoka hapo ni garimoshi. Mtoto aliyekwenda kusoma hakurudi likizo ndogo. Na baba naye mara nyingi hakuwapo nyumbani: Ufipa ilikuwa moja ya nchi zilizotoa manamba, wanaume waliokwenda mashamba ya katani ya Tanga kutafuta fedha ya kodi. Ni vigumu kudai kauli shuleni ukiwa Korogwe unakata katani.

Hapa wazazi wa Ufipa walitofautiana na Wakikuyu wa Kenya. Wakikuyu, baada ya kugombana na misheni, walianzisha shule zao huru kuanzia miaka ya 1930, wakajenga hata chuo cha ualimu Githunguri mwaka 1939, mpaka serikali ilipozifunga wakati wa hali ya hatari ya mwaka 1952. Ufipa haikugombana na misheni yake kiasi hicho. Ilikuwa nchi ya Kikatoliki karibu kijiji kwa kijiji, na padri, hata alipokuwa mkali, alikuwa ndiye mlango pekee. Mtu hauvunji mlango mmoja alio nao.

Jina la kwanza la kitaifa la wazazi waliojipanga kwa ajili ya shule lilikuja mwaka 1955: TAPA, chama cha wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika, ndugu wa TANU iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja. Kilio chake kilikuwa wazi. Watoto walikuwa wengi, nafasi chache, na mtihani wa darasa la nne uliwarudisha nyumbani wengi wakiwa na miaka kumi na kitu. TAPA ilifungua shule za wazazi, nyingine zikiwa mabanda tu, zenye walimu wasio na cheti waliolipwa walichochangiwa. Wakoloni walizitazama kwa jicho la shaka, kwa sababu kuta zake zilikuwa pia kuta za siasa. Lakini angalia TAPA ilidai nafasi kwa ajili ya nani: ilizidai kwa ajili ya mtoto yeyote aliyekosa. Mtoto aliyepita mbele ya wenzake alionekana kuwa tayari ana bahati yake. Fikra hiyo imebaki nasi.

Wamarekani wakati huo walikuwa wanakwenda upande mwingine. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Marekani ilishtuka, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kumwaga fedha katika hisabati, sayansi na kutafuta wanafunzi wenye vipawa. Wazazi wenye elimu na muda walijiunga katika vyama, wakaenda kwenye bodi za shule kudai madarasa maalumu ya watoto wao. Ni vema kukumbuka kwamba uwakili wa aina hiyo unahitaji vitu ambavyo havihusiani na mapenzi kwa mtoto: bodi inayochaguliwa, mshahara unaoruhusu kutoka kazini jioni, na imani kwamba ofisa akisikia atajibu.

Tanganyika huru ilianza kwa kufuta ubaguzi wa rangi mashuleni mwaka 1962, na baadaye ada za sekondari. Kisha, Machi 1967, likaja andiko la Nyerere la Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu, ambaye yeye mwenyewe alichujwa na kupandishwa ngazi ile ile, alisema elimu ya msingi imegeuzwa maandalizi ya sekondari wanayofika wachache, na kwamba shule inawafundisha hao wachache kujiona wako juu ya wakulima waliowalipia. Baada ya hapo, kusimama mkutanoni na kusema “mwanangu anahitaji zaidi ya wenzake” kulitaka ujasiri. Si kwamba jambo hilo lilikatazwa. Lilikuwa halina lugha ya kulisemea.

Halafu serikali ikachukua shule. Sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku kuwa za umma, na mwaka 1970 misalaba ilibaki ukutani huku bodi zikibadilika. Seminari hazikuguswa. Sijui kama waliopanga sera hiyo huko Dar es Salaam waliona itafanya nini mahali kama Ufipa. Jimbo Katoliki lilikuwa limehamishia kiti chake kutoka Karema hadi Sumbawanga mwaka huo huo wa 1969, chini ya Askofu Charles Msakila aliyeliongoza tangu 1958, na Seminari ya Kaengesa ikawa karibu mlango pekee uliobaki ambao mzazi angeweza kuugonga kwa mkono wake mwenyewe.

Kuugonga kulikuwa na taratibu zake. Mzazi alianza mapema, miaka kadhaa kabla ya mtihani. Alihakikisha mtoto anatumikia misa. Alimzoea katekista, akalipa zaka bila kukumbushwa, akahudhuria jumuiya. Barua ya paroko ndiyo iliyomfikisha mtoto kwenye mtihani wa seminari, na barua hiyo haikuandikwa kwa ajili ya familia ya kando kando. Akina mama walikuwa hodari zaidi katika kazi hiyo, nami nadhani ni kwa sababu ndio waliokuwa kanisani siku za kazi. Kila mtu alielewa kuwa wengi wa wavulana hao hawatakuwa mapadri. Mapadri walielewa pia. Walichuja wavulana wengi ili wapate padri mmoja, na waliobaki wakawa walimu, wanasheria na wakurugenzi. Mizengo Pinda, aliyekuja kuwa waziri mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alipita Kaengesa.

Ukiniuliza ni wapi wazazi wa Ufipa walifanya kweli kazi ya kumsemea mtoto mwenye akili, nitakuonyesha foleni hiyo ya mlango wa paroko. Haikuwa na katiba wala mwenyekiti. Haikumsaidia mtoto wa Mprotestanti au Mwislamu wa Sumbawanga mjini, na kwa msichana ilikuwa nyembamba zaidi. Lakini mzazi aliweza kumtaja mwanawe kwa jina mbele ya mtu mwenye uwezo wa kuamua, na akajibiwa. Ofisi ya elimu ya wilaya haikuwa na kiti cha mazungumzo ya namna hiyo.

Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, ukikatwa kutoka Mbeya na Tabora, na Sumbawanga ikawa makao makuu. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Azimio la Musoma liliamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Mikoa ikaambiwa ijenge, na vijiji vikajenga. Nchi nzima ilipata walimu vijana waliofundishwa haraka, watu wakautania mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, UPE kwa kifupi cha Kiingereza, kuwa ni Ualimu Pasipo Elimu. Utani huo ni mkali kuliko haki, kwa kuwa wengi wa walimu hao walibeba madarasa ya watoto mia moja bila kitabu. Mtoto mwepesi katika darasa la namna hiyo alikuwa na kazi moja anayoijua kila aliyesoma wakati ule: alifanywa msaidizi wa mwalimu, akawasimamia wenzake kuimba jedwali la kuzidisha.

Mwisho wa darasa la saba ulikuwa tundu la sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakufika watano kwa mia moja waliopata nafasi ya sekondari ya serikali. Ili mikoa iliyotangulia isizimeze zote, nafasi ziligawanywa kwa mgao wa mikoa. Kwa Rukwa mgao ulikuwa neema, maana mtoto wa Nkasi hakushindana na mtoto wa Moshi. Ila watoto wa watumishi waliohamishiwa Sumbawanga, wenye vitabu nyumbani na taa ya kusomea, walihesabiwa ndani ya mgao huo huo. Musoma pia ilipunguza uzito wa mtihani ikaongeza maendeleo ya kila siku, tabia na kazi za mikono. Jambo zuri kwenye karatasi. Kwa mzazi wa kijijini lilimaanisha kwamba sasa mwalimu mkuu naye alikuwa mtu wa kuzoewa.

Kilimanjaro walijibu uhaba huo kwa kujenga sekondari zao kwa fedha za kahawa, kupitia makanisa na vyama vya wenyeji. Rukwa zao lake lilikuwa mahindi. Ilihesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya chakula ya kusini, ikalisha miji, na wakulima wake wakauza kwa Shirika la Usagishaji lililojulikana kwa kuchelewesha malipo. Fedha inayokuja msimu umepita haijengi sekondari. Jumuiya ya Wazazi, ambayo TAPA iligeuka kuwa ndani ya Chama Cha Mapinduzi, ilifungua sekondari zake katika mikoa mingi miaka ya 1980, na kwa waliokosa mgao zilikuwa mlango wa pili, wa kulipia. Kisha ada zikarudi hata katika shule za serikali, mwaka 1985. Miaka ya 1990 naipita haraka: walimu walicheleweshewa mishahara, paa zilivuja, na kipanga wa Ufipa aliendelea kwenda Kaengesa au kuondoka.

Mwaka 2004 serikali ilianza mpango wa maendeleo ya sekondari, na hapo ndipo matofali yalipokuja kwa wingi. Kila kata iwe na sekondari yake. Utaratibu ulikuwa kwamba wananchi wanachimba msingi, wanafyatua tofali, wanaleta mawe, mchanga na maji, wanainua boma mpaka kwenye lenta. Serikali inaleta bati, saruji na walimu. Nchi ilikuwa na sekondari 1,291 mwaka 2004. Mwaka 2010 zilifika 4,266. Katika uwanda wa Ufipa, ambako baridi ya Juni na Julai inapasua midomo na ndio wakati mavuno yameingia na udongo umekauka, kila kaya ilipewa hesabu yake ya tofali. Asiyeleta alifuatwa na mgambo. Kwa hiyo neno kujitolea tulitumie kwa uangalifu: kuna aliyejitolea kwa moyo, na kuna aliyejitolea ili kuku wake wasikamatwe.

Hata hivyo majengo yalisimama, na sioni sababu ya kuyabeza. Kwa mara ya kwanza tangu Karema, mtoto wa kawaida wa Ufipa aliweza kuendelea na masomo huku akila ugali wa nyumbani. Wasichana ndio waliofaidi zaidi. Kilichokosekana kilionekana pale matokeo ya kidato cha nne cha mwaka 2012 yalipotoka Februari 2013: zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walipata daraja sifuri. Waziri mkuu aliyeunda tume ya kuchunguza alikuwa Pinda, yule wa Kaengesa. Shule za kata zilikuwa na kuta na hazikuwa na walimu wa fizikia. Kulikuwapo pia agizo la Rais Kikwete la maabara tatu kwa kila sekondari, na wazazi wakarudi kwenye tanuri za tofali.

Kamati za shule zipo kisheria katika kila shule ya msingi, na bodi katika kila sekondari. Mzazi anachaguliwa, anakaa, anasaini muhtasari. Mijadala yake mtu yeyote aliyepita huko anaijua: vyoo, madawati, nyumba ya mwalimu, utoro, mimba. Mtoto aliyemaliza kitabu cha hisabati mwezi wa tano hana ajenda. Wala simlaumu mjumbe. Anapokuwa na matundu manne ya choo kwa watoto mia sita, kumzungumzia kipanga mmoja kunamfanya aonekane hana haya. Kazi ya kumwangalia kipanga ilihamia kwenye kambi za mitihani, ambako watoto wa darasa la saba hulala shuleni kwa wiki kadhaa, wazazi wakichanga mahindi, maharage na kuni, na mwalimu akisahihisha usiku. Kambi zina ubaya wake, na serikali imezikemea mara nyingine, lakini ni karibu mahali pekee ambapo mchango wa mzazi ulikwenda moja kwa moja kwenye somo.

Elimu bila malipo, iliyoanza Januari 2016 kwa waraka wa mwishoni mwa 2015, ilivuruga hesabu yote hiyo. Wazazi walisikia kwamba serikali inalipa kila kitu, wakaacha kuchangia hata chakula. Ulihitajika waraka mwingine mwaka 2016 kueleza kuwa chakula, sare na madaftari bado ni ya mzazi. Na chakula, katika Rukwa, kinagusa akili yenyewe. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 uliukuta mkoa huu una kiwango cha juu kuliko yote ya udumavu: asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta kiwango kimeshuka, lakini bado ni karibu nusu. Huu ni mkoa unaouza mahindi na maharage kwa wengine. Mama analima tangu alfajiri, mtoto anashinda na uji mwepesi mpaka jioni, na gunia lililo ghalani limeshapangiwa mnunuzi. Kabla ya kuuliza ni vipanga wangapi walikosa nafasi Ilboru, mtu angeuliza ni wangapi walipotea kabla hawajafika darasa la kwanza. Hao hawakai kwenye orodha yoyote.

Rukwa ni miongoni mwa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora, unaofadhiliwa na Uingereza tangu 2022, na pamoja nao umekuja Umoja wa Wazazi na Walimu, UWAWA. Muundo wake una jambo jipya. Kamati ya shule inawakilisha kijiji. UWAWA inawakilisha darasa, kwa kawaida kwa mzazi mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mama anayewakilisha darasa la tatu analazimika kujua nani katika darasa hilo hajui kusoma, na bila kukusudia anamjua pia anayesoma kuliko wote. Kazi iliyotangulia imekuwa ya uji na chakula cha mchana, na ndivyo inavyopaswa. Lakini hapa kuna mzazi ambaye shughuli yake rasmi ni watoto kadhaa anaowajua kwa majina, kama alivyokuwa katekista wa zamani, tofauti ikiwa kwamba huyu hamwondoi mtoto kumpeleka popote.

Serikali yenyewe haijaamua inavyotaka kumtazama kipanga. Mwaka 2022 ilianzisha ufadhili unaobeba jina la Rais Samia kwa wanaofaulu zaidi sayansi kidato cha sita. Miezi michache baadaye, Januari 2023, Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, likisema hakuna haki kuwalinganisha watoto waliosoma katika mazingira tofauti. Mkono mmoja unamtafuta aliye mbele, mwingine unaficha jina lake. Mimi nakubaliana na uamuzi wa Baraza. Shule binafsi zilikuwa zimegeuza orodha ile kuwa tangazo la biashara. Ila orodha ile ndiyo pia iliyomwonyesha mzazi wa Sumbawanga kuwa mtoto wa shule ya kata aliweza, mara moja moja, kujipenyeza.

Sasa mtaala mpya, ulioanza mwaka 2024, unafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita na kuifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Mchujo wa darasa la saba, uliotawala maisha ya watoto wa nchi hii tangu enzi za mgao, unaondoka. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa mwisho wa darasa la saba, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa siku moja. Madarasa hayatoshi. Kata zinahesabu upya maboma, na kaya za Ufipa, mavuno yakishaingia, zimeanza tena kupangiwa tofali.